Farasi kumi na mbili: kuitunza na kuiboresha pikipiki ndogo ya lami na porini

Honda XR150L ina injini ya cc 149, silinda moja inayopozwa na upepo, na nguvu ya takriban farasi 12. Ikiwa tayari kwa safari ina uzito wa kilo 128 hivi. Mpandishe mtu wa kilo 75, kila farasi anaburuta kilo 17. Ongeza abiria wa kilo 60 na mzigo wa kilo 20, farasi yuleyule sasa anaburuta karibu kilo 24. Hesabu hiyo ndogo inatosha kuamua karibu kila shilingi utakayoitumia kwenye pikipiki ya aina hii. Farasi wa 13 ni ghali na hadumu. Hawa 12 ulionao wanaweza kupunguziwa kazi, na hapo ndipo penye maboresho ya kweli.

Nitaichukua XR150L kama mfano mkuu, ila mengi humu yanazihusu pia ndugu zake: Honda XL125, Yamaha AG200, na hata Yamaha DT125 ya tu-stroki, zile unazozikuta zimeegeshwa nje ya ofisi ya kata, zahanati au mradi wa kilimo. Zote zinafanana kimaumbile: nyembamba, ndefu kidogo, gurudumu la mbele kubwa kuliko la nyuma, shokapu zenye mwendo mrefu, na injini isiyo na haraka.

Tairi kwanza

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua matairi. XR150L inavaa 90/90-19 mbele na 110/90-17 nyuma. DT125 na XL125 za zamani zinavaa 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Tofauti hii si ya urembo. Rimu ya 21 inapanda juu ya jiwe au kingo ya korongo kwa urahisi zaidi, lakini mjini hupati tairi lake kila duka. Rimu ya 17 ya nyuma ya XR150L ina faida ambayo wengi hawaifikirii: Bajaj Boxer, bodaboda iliyojaa kila kijiji, hutumia 3.00-17 nyuma. Tyubu ya 3.00-17 ikivutwa ndani ya 110/90-17 inakuwa nyembamba na si ya kudumu nayo, ila itakufikisha nyumbani. Vivyo hivyo tyubu ya mbele inaweza kuingizwa nyuma kwa dharura. Ndiyo maana wazoefu hubeba tyubu moja tu, ya mbele.

Tairi la kiwandani ni la kati na kati: halilii kwenye lami, halishiki kwenye tope. Kama safari zako ni theluthi mbili lami na theluthi moja changarawe, liache hadi liishe. Kama unaishi kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaojibandika kama ugali wa moto, weka tairi la meno makubwa yaliyoachana. Meno yaliyokaribiana hujaa udongo ndani ya mita 50 na tairi linakuwa duara la kufinyangwa. Kumbuka pia kuinua fenda ya mbele ikiwa imelikaribia tairi. Udongo wa mbuga ukijaa hapo, gurudumu linasimama kabisa, na huna la kufanya ila kuutoa kwa kijiti.

Upepo: kwenye lami ukiwa peke yako, psi 22 mbele na 25 nyuma. Kwenye mchanga na mawe madogo shusha hadi 16 au 18. Chini ya 15 usishuke kama rimu yako haina ile bolti ya kubana tairi, kwa sababu tairi litaanza kuteleza juu ya rimu kila unapofunga breki au kutia gesi, likiivuta tyubu pamoja nalo, hadi shingo ya vali ikatike. Hiyo haizibwi kwa kiraka. Kuna ishara ya mapema: ile nati ndogo ya kwenye shingo ya vali usiikaze kwenye rimu, iache juu karibu na kifuniko. Tyubu ikianza kutembea, shingo italala upande na utaiona. Ikikazwa kwenye rimu, inasimama wima huku inachanika ndani.

Cheni na sproketi: gia inayokufaa

Pikipiki hizi hutoka kiwandani zikiwa na gia ndefu kuliko inavyofaa milimani, kwa sababu mnunuzi wa mjini anataka ifike 90 bila kupiga kelele. Kubadilisha sproketi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumpumzisha farasi, na haigusi injini kabisa.

Hesabu meno ya kwako mwenyewe, usiamini ya kuambiwa. Tuseme mbele 17 na nyuma 50. Hamsini gawanya kwa 17 ni 2.94. Ukiweka 16 mbele inakuwa 3.13, yaani nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu imepanda kwa asilimia 6. Ukiweka 15 inakuwa 3.33, asilimia 13. Malipo yake ni mwendo: mzunguko wa injini uliokupa 80 sasa utakupa 75 kwa 16, au kama 71 kwa 15. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi kwa bei na kwa kazi, kwa hiyo anza na hiyo. Kwa barabara ya milimani kama ya Lushoto kwenda Mtae ningeweka jino moja pungufu na kutosheka. Mawili pungufu ni kwa anayelala na kuamka kijijini, maana barabara kuu itamchosha: injini inalia na malori yanamsukuma.

Usishuke chini ya hapo. Sproketi ndogo ya mbele inaikunja cheni kwenye duara dogo, cheni inakwisha mapema, na sehemu ya juu ya cheni inashuka karibu na mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma) na kuusaga ule mpira wa kinga. Ukibadilisha jino moja, ekseli ya nyuma itarudi nyuma kama milimita 3, kwa hiyo cheni ileile inatosha. Spidomita inayopata mwendo wake kutoka gurudumu la mbele kwa waya haitadanganya. Inayosoma kutoka gia boksi itasema zaidi ya ukweli.

Cheni ni namba 428, ileile ya bodaboda nyingi, kwa hiyo hutakosa. Kuipima imechakaa kiasi gani hakuhitaji fundi: ivute ikaze, kisha pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 21, yaani hatua 20. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, ondoa cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka kama meno ya papa inakwisha ndani ya miezi michache, na hapo utasema cheni za siku hizi feki. Nyingine kweli ni feki, lakini si zote.

Ulegevu usio sahihi ndio unaoua cheni nyingi, na mara nyingi kosa ni kukaza kupita kiasi. Pikipiki hizi zina mwendo mrefu wa shokapu ya nyuma, na cheni inakaza zaidi pale sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kipimo kimebandikwa kwenye mkono wa nyuma, na ndicho cha kufuata. Lakini kijaribu hivi: kalisha watu wawili nyuma hadi vitu vile vitatu viwe mstari mmoja, kisha sukuma cheni kwa kidole. Lazima ibaki na mchezo wa sentimita moja au zaidi. Ikiwa imekakamaa kama waya wa gitaa, kila shimo utakaloingia litavuta beringi ya shafti ya mbele, na siku moja utaona oili inavuja nyuma ya sproketi.

Alama zilizochorwa kwenye mkono wa nyuma hazilingani sana, hasa zikishapigwa rangi mara mbili. Chukua fimbo nyembamba au kipande cha bomba, pima kutoka katikati ya bolti ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Zikilingana, gurudumu limenyooka. Ile klipu ya kiungo cha cheni nayo ina upande: sehemu iliyofungwa itangulie mwendo wa cheni, iliyo wazi ifuate nyuma. Ikiwekwa kinyume, kijiti kimoja kinatosha kuing'oa.

Oili ya gia ya 80W-90 kwa brashi, upande wa ndani wa cheni, jioni ikiwa bado ina joto, halafu futa ya nje. Vumbi la Dodoma na oili nyingi ni msasa tu.

Shokapu za mbele

Watu hulalamika kwamba mbele "inazama" wakifunga breki au "inagonga" shimoni, kisha wanauliza bei ya shokapu za pikipiki kubwa. Mara nyingi oili iliyomo ndani haijabadilishwa tangu kiwandani. Imekuwa maji ya kijivu yenye unga wa chuma, na kuibadilisha kunagharimu kidogo kuliko tairi.

Weka kreti au gogo chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Legeza vifuniko vya juu kabla hujalegeza bolti zinazobana shokapu, la sivyo hutapata pa kuzishikia. Toa gurudumu, toa mguu mmoja wa shokapu, fungua kifuniko polepole maana springi inakisukuma, kisha mwaga oili huku ukipampu hadi isitoke tena. Suuza kwa oili mpya kidogo, usitumie petroli. Tia oili ya shokapu ya 10W kama wewe ni mwepesi, 15W kama una uzito au unabeba mzigo. Ujazo umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, lakini cha muhimu kuliko ujazo ni kimo: springi ikiwa nje na shokapu imesukumwa hadi chini, pima kutoka mdomoni hadi usawa wa oili, na miguu yote miwili ilingane kwa milimita. Mguu mmoja ukizidi, usukani utakuwa na akili yake.

Springi zenyewe ni laini. Pima hivi: inua mbele hadi gurudumu lining'inie, pima urefu wa sehemu inayong'aa. Kisha vaa mavazi yako ya safari, kaa juu ya pikipiki mtu akiishika wima, pima tena. Mwendo mzima ni kama milimita 180 kwa XR150L. Tofauti ya vipimo hivi viwili inatakiwa iwe karibu theluthi, milimita 55 au 60. Ikiwa 75, kata kipande cha bomba gumu cha milimita 15, kisawazishe ncha zote mbili, kiweke juu ya springi na wosha ya chuma katikati. Milimita moja ya kipande ni milimita moja ya kimo. Usizidi 20, kwa sababu springi inaweza kujifunga koili kwa koili kabla mwendo haujaisha, na hapo kishindo kinaingia moja kwa moja kwenye fremu.

Sili ikianza kuvuja usikimbilie kununua. Kata kipande cha filamu ya eksirei, kikate kama ndoana upande mmoja, kipitishe kati ya sili na bomba, zungusha na uvute. Chembe ya mchanga ndiyo mara nyingi inayoiacha oili ipite. Ikivuja tena baada ya kusafisha mara mbili, hapo sasa nunua sili, pamoja na zile kofia za vumbi.

Ambacho hugusi

Mtu atakuuzia ekzosi ya wazi. Kelele itaongezeka, na kwa kuwa hewa inatoka upesi huku kabureta ikibaki ileile, injini itachoma petroli kidogo kuliko inavyotaka, itachemka, na mvuto wa chini, ule unaoutegemea kwenye mwinuko wenye mawe, utapungua. Kukata tundu kwenye boksi la chujio ni hivyohivyo, na juu yake unakaribisha maji. Kuongeza silinda kubwa kunawezekana, vifaa vipo, lakini injini iliyokuwa inastahimili mafuta mabaya na fundi wa barabarani inakuwa injini ya kubembelezwa. Mimi sioni maana yake. Anayetaka cc 200 anunue ya cc 200.

Kilicho cha lazima ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka (mkono mdogo unaosukuma vali) na vali yenyewe. Vali hukaguliwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Fungua vifuniko viwili vya kichwa cha silinda, zungusha injini hadi alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na mkato, kisha shika zile roka kwa vidole. Zote mbili lazima zicheze kidogo. Kama zimekaza, uko kwenye mzunguko usio wake, zungusha duru moja nzima. Ingiza fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya kipimo cha kitabu. Vipimo ni vidogo sana na vya vali mbili havifanani: kwa Yamaha TW200, kwa mfano, ya kuingiza hewa ni milimita 0.05 hadi 0.09, ya kutoa moshi 0.11 hadi 0.15. Ukikaza nati, skrubu huzunguka nayo kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Mafundi wengi huruka hatua hiyo.

Na hapa kuna imani moja ya gereji ya kuachana nayo. Pikipiki ikilia "tik tik tik" mwenye nayo ana wasiwasi, fundi anabana tapeti hadi kimya, kila mtu anafurahi. Lakini tapeti inayolia kidogo haina madhara makubwa. Iliyobanwa ndiyo inayoiacha vali wazi kwa unywele, moto unapita pembeni, kiti cha vali kinaungua. Dalili yake ni pikipiki kuwa ngumu kuwaka asubuhi na kukosa pumzi mlimani, bila kelele yoyote.

Oili: injini nyingi ndogo za Honda hazina filta ya karatasi, zina wavu na kichujio kinachozungusha uchafu pembeni. Kwa hiyo oili yenyewe ndiyo inayobeba uchafu, na lita moja ni kidogo. Badilisha kila kilomita 2,000 kama ni vumbi na mizigo, hata kama kitabu kinakuruhusu zaidi. Ichague yenye maandishi JASO MA (alama ya oili za pikipiki), kwa sababu klachi inaogelea humohumo. Oili ya gari iliyotengenezwa ili kubana matumizi ya mafuta ina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi itaanza kuteleza: injini inapanda, mwendo haupandi. Ukipima kimo, pikipiki iwe wima, isiegemee stendi ya pembeni, na kijiti kiingizwe bila kufungwa kwa nyuzi. Kwenye Honda ukikifunga utasoma zaidi ya kilichomo.

Chujio la hewa la sponji linaoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, linakamuliwa kwa kubonyeza bila kulisokota, linakaushwa kivulini, kisha linalowekwa oili na kukamuliwa tena. Petroli inayeyusha gundi ya maungio. Kama la kwako ni la karatasi yenye mafuta, halioshwi wala halipulizwi, linabadilishwa tu. Paka grisi ukingo wake kabla ya kulirudisha. Vumbi huingilia pembeni, haliingilii katikati.

Mwinuko

Kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Uwanda wa Kitulo una kama mita 2,600, maana yake farasi 12 wa Dar es Salaam wanabaki 9. Zaidi ya hapo, kabureta iliyosetiwa pwani itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, injini inayosita ukifungua gesi yote. Kwa safari ya siku mbili vumilia. Kwa anayeishi Makete, punguza jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kwa saizi moja au mbili, na ukumbuke kuirudisha ukihamia pwani, kwa sababu jeti ndogo kwenye hewa nzito inachemsha injini kimyakimya. Matoleo yenye injekta hujirekebisha yenyewe. Ila betri ikifa kabisa, kiki haitakusaidia kama inavyosaidia kwenye kabureta.

Mzigo na vyuma

Keria ndiyo inayovunja fremu. Kilo 10 zikikaa nyuma ya ekseli zinafanya kazi kama mwenzo: kila shimo linapinda sehemu ya nyuma ya fremu na kuipunguzia uzito gurudumu la mbele. Weka kizito karibu na kiti na chini, mabegi mawili ya pembeni badala ya boksi kubwa la juu. Ukichomelesha keria kwa fundi, iwe ya bomba jepesi, na ifungwe kwa bolti za M8 zenye alama 8.8. Usiruhusu ichomelewe kwenye fremu. Kama kuna kuchomelea chochote kikiwa kwenye pikipiki, toa waya za betri na uchomoe CDI (kile kiboksi cha kielektroniki cha kuwashia plagi) kwanza.

Kinga ya injini ni muhimu kwenye mawe. Bamba la chuma la milimita 3 lenye sentimita 40 kwa 30 lina kilo 2.8, la aluminiamu la milimita 4 lina kilo 1.3. Chagua la pili. Litobolewe kwa ajili ya bolti ya oili na kwa ajili ya tope kutoka, kwa sababu tope lililokauka juu ya injini inayopozwa na upepo ni blanketi.

Kinga za mikono zinafaa, lakini kuna kinga isiyo na gharama: clampu za levya za breki na klachi usizikaze hadi mwisho. Zikaze kiasi kwamba mkono wa kawaida hauzisogezi ila kishindo cha kuanguka kinazizungusha. Levya inayozunguka haivunjiki.

Taa: kabla ya kununua balbu ya LED, washa swichi bila kuwasha injini. Taa kubwa ikiwaka, inalishwa na betri, na LED itakubali. Isipowaka hadi injini iungurume, inalishwa moja kwa moja na koili kwa umeme unaobadilika, na LED ya kawaida itapepesa kisha itaungua. Chaja ya simu ya volti 5 na ampia 2 inakula wati 10 tu, haina neno, mradi iwe na fyuzi yake karibu na betri na izimwe na swichi kuu.

Mtoni

Pikipiki inaweza kuzimika kwenye maji yasiyofika hata kwenye ekseli, na watu huanza kulaumu plagi. Mara nyingi tatizo ni mipira myembamba inayoning'inia kutoka kwenye kabureta. Mmoja wake ni wa kuingizia hewa kwenye bakuli la petroli. Ncha ikizama, hewa haiingii, petroli haishuki, injini inakufa kama imekatiwa mafuta. Tiba ni kiungo cha T na mpira wa sentimita 30 unaopanda hadi chini ya tangi: mmoja unabaki chini, mwingine unapumulia juu.

Ikizama kweli, hadi chujio, usibonyeze stata wala usipige kiki. Maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta juu inapinda konrodi, ule mkono unaoibeba. Toa plagi, zima swichi, piga kiki mara kumi maji yaruke nje. Fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage bakuli. Kamua chujio. Kisha tazama oili kwenye kijiti: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imwage hapohapo kama unayo nyingine, au tembea polepole hadi panapouzwa lita moja, na ubadilishe tena baada ya kilomita 50. Breki ya nyuma ya ngoma nayo itakuwa imejaa maji. Iburuze kwa wepesi mita 200 hadi usikie inashika.

Kwenye begi la vifaa: tyubu moja ya mbele, levya mbili za tairi, pampu, spana 8, 10, 12, 14 na 17, ile ya ekseli yako, spana ya plagi na plagi yenyewe, klipu mbili za cheni 428, waya mwembamba, na koleo. Waya wa klachi wa akiba usiuweke begini. Upitishe kandokando ya ule unaotumika, kutoka usukani hadi injini, ufunge ncha zote mbili kwa nailoni zisiingie mchanga. Ule wa zamani ukikatika, unahamisha ncha tu bila kuvua tangi.